Begi Dogo la Mzee Tak

Meno yale yalianguka Jumamosi asubuhi, kwenye ngazi za umeme za stesheni ya Dongmyo, ngazi zikipanda na Mzee Tak Jeong-man akipanda nazo. Mkanda wa begi lake ulikatika bila hata kuaga. Begi likapinduka, zipu ikaachia, na kisanduku cha meno ya bandia kikafunguka hewani. Meno ya juu yakatulia palepale miguuni pake. Ya chini yakaanza safari ya kurudi yalikotoka, yakiruka ngazi hadi ngazi, na kila yakishuka ngazi mbili, mashine inayapandisha moja. Watu walisogea kuyapisha. Mzee Tak aliyafukuza kwa kushuka ngazi zinazopanda, kwa hiyo alikimbia sana na kubaki palepale, akiita, "Yashikeni! Yashikeni jamani, yana mwenyewe!"

Mwenyewe alikuwa mwalimu mkuu mstaafu aliyekuwa akisubiri kuhutubia kwenye harusi ya mwanafunzi wake wa zamani. Meno yalimfikia kwa wakati, ila yalipungua jino moja la mbele. Hotuba ikatolewa hivyo hivyo, na wageni wa meza za karibu walisema ilikuwa nzuri lakini ilikuwa na upepo.

Mzee Tak alikuwa na miaka sabini na mmoja, na kazi yake ilikuwa utarishi wa treni. Seoul mtu akishafika sitini na mitano hapandi treni ya chini ya ardhi kwa nauli, ndiyo maana katika ofisi ya Madamu Yeom, iliyokuwa ghorofa ya pili pale Euljiro, juu ya duka la mtengeneza tofu, ile jibini laini ya maharage ya soya, hapakuwa na tarishi hata mmoja mwenye nywele nyeusi za kweli. Walipeleka maua, hati, miwani, keki, meno, na safari moja kasa aliye hai. Wote walivaa kizibao cha kijani. Mzee Tak alikipenda kile kizibao kuliko suti yake ya harusi, na alikipiga pasi mwenyewe.

Mchana ule Madamu Yeom alimwita mezani kwake, akaliinua begi lililokatika kwa vidole viwili, kama mtu anayeinua panya.

"Mzee Tak, hili begi ulilipata wapi?"

"Benki waliligawa, bosi. Bure."

"Mwaka gani?"

"Mwaka aliozaliwa mwanangu wa pili."

"Na mwanao wa pili sasa ana miaka mingapi?"

Mzee Tak akafikiri. "Ana upara, bosi."

Madamu Yeom akalidondosha begi kwenye pipa la taka. "Nakupa mpaka Jumatano. Lete begi dogo, madhubuti, la kubebwa kila siku mvua na jua. Likifaulu mtihani wa tofu, tunaendelea. Lisipofaulu, kizibao unakiacha hapa mezani. Nakupenda, lakini yale meno yamenifanya nimpigie magoti mtu kwenye simu."

Mtihani wa tofu kila tarishi aliujua. Begi jipya likiletwa, Madamu Yeom aliteremka chini dukani akachukua tofu nzima, bado ya moto, bila kopo, ndani ya mfuko wa plastiki tu. Tofu inatiwa begini, na mwenye begi anapanda Mstari wa Pili, ule unaouzunguka mji na kurudi ulikoanza, saa mbili asubuhi watu wanapokwenda kazini. Anauzunguka mji mzima akiwa amesimama, na shahidi mmoja pembeni. Akirudi, Madamu Yeom anaiweka tofu kwenye sahani na kuitazama kona zake. Kona zikiwa nne, begi limepita. Kisha tofu inapikwa mchuzi na wote wanakula. Wakati mwingine matarishi walikula mchuzi ule wakiwa na huzuni sana.

Nyumbani, mkewe alilipokea jambo hilo vizuri mno.

"Basi usihangaike, Baba Hye-sun," alisema, akimenya vitunguu saumu. "Kazi ikiisha, nimeshakuandikisha kwenye kikundi chetu cha kucheza pale kituo cha wazee. Wanawake ishirini na watatu. Tunahitaji mwanamume wa kubeba spika."

"Mimi sichezi."

"Utajifunza. Shati lako nimeshanunua. Liko kabatini."

Mzee Tak alilifungua kabati. Shati lilikuwa la zambarau, lenye puleki zinazometameta kifuani, na shingoni lilikuwa na utepe. Akalifunga kabati taratibu.

Alijua mkewe hakusema kwa ubaya. Alipostaafu upiga chapa baada ya miaka thelathini na minane, alikaa nyumbani miezi minne akimfundisha mkewe kukunja taulo. Mwezi wa nne, mke alimfungia begi, akaliweka pamoja na viatu nje ya mlango, akasema nenda popote, ila urudi jioni. Ndivyo alivyoipata kazi. Na sasa alikuwa mtu anayejua mlango gani wa treni unafungukia karibu na lifti katika stesheni zaidi ya mia mbili. Bila kizibao, elimu hiyo yote ingekuwa ya kumsimulia nani? Wanawake ishirini na watatu?

Siku ya pili alikwenda kuomba ushauri kwa tarishi mwenzake, Bwana Gu Bong-chul, mwenye miaka sitini na tisa. Bwana Gu alitembea na begi la kupandia milima, kubwa kama friji. Ndani yake mlikuwa na jiko dogo, kamba, mkeka, chupa mbili za chai, na jiwe moja alilolipenda huko mlimani.

"Begi ni kubwa, Kaka Tak," alisema. "Dogo hilo ni pochi."

"Bosi amesema dogo. Na wewe kila siku unamgonga mtu."

"Nikimgonga namwomba radhi. Nimepata marafiki wengi kwa njia hiyo."

Mzee Tak alirudi bila ushauri. Njiani akanunua tofu sita.

Jumatatu asubuhi alikuwa sokoni Namdaemun, kwenye kibanda cha Mama Pyeon, mwanamke wa makamo aliyeuza mabegi na kuzungukwa nayo hata ukamwona kichwa tu. Mzee Tak alisalimia, akaweka ndoo ya tofu chini, akatoa kipande cha karatasi.

"Nataka begi la mgongoni lisilozidi shubiri mbili na nusu. Liwe na kitako bapa, lisimame lenyewe. Mshono uwe wa kurudiwa. Zipu isiwe na maringo. Nikiligeuza kifuani ndani ya treni, nisionekane kama mwenye mimba."

"Na hiyo ndoo ni ya nini, baba?"

"Ya majaribio."

Mama Pyeon alikuwa ameuza mabegi kwa watu wa kila namna, hakuuliza zaidi. Akashusha la kwanza, jeusi, linang'aa, la vijana wa ofisini. Mzee Tak akatia tofu, akalivaa, akaruka mara tatu. Watu wakasimama. Alipofungua, tofu ilikuwa uji.

"Mifuko mingi ndani," alisema kwa huzuni. "Tofu imekosa pa kukaa."

La pili lilikuwa la nailoni nyepesi. Alimwomba Mama Pyeon ashike mkanda mmoja, yeye akashika wa pili, wakavutana katikati ya njia kama wanaogombea urithi. Mkanda ukaachia. Mama Pyeon akakalia rundo la mabegi ya watoto.

"Hilo ulikuwa umelishika vibaya!" alisema kutoka huko chini.

"Mimi nimeshika kama mtu wa treni, shangazi. Wewe ndiye umevuta kama ng'ombe."

"Ng'ombe ni nani? Nivutie tena!"

Wakavuta la tatu, likapona, lakini liliponyeshewa chai ya Mama Pyeon likanywa chai yote. La nne lilikuwa kubwa, na tofu ikatembea humo ndani kama mpangaji anayetafuta choo gizani. La tano lilikuwa zuri kwa kila kitu ila lilikuwa na picha ya dubu mgongoni.

"Dubu hana ubaya," alisema Mama Pyeon.

"Nitamkabidhije mwanasheria hati zake na dubu akimchekea?"

Kufikia hapo tofu tano zilikuwa zimekwisha kufa, na watazamaji walikuwa wamegawanyika, wengine upande wa Mzee Tak, wengine upande wa mabegi. Mzee Tak akafuta jasho. Ndipo macho yake yakaangukia kijibegi kilichoning'inia kwenye msumari nyuma ya Mama Pyeon, cha rangi ya jivu, cha turubai nene iliyopakwa nta, kimechakaa rangi lakini hakina uzi mmoja uliotoka.

"Na lile?"

"Lile haliuzwi. Nabebea chakula changu."

"Tangu lini?"

"Miaka tisa. Supu, wali, kimchi. Safari moja nililisahau juu ya gari la kaka yangu mpaka Daejeon, likarudi na supu yake."

"Naliomba."

"Nikale wapi mimi? Subiri."

Mama Pyeon akazama kwenye rundo mpaka akabaki miguu tu, akaibuka na ndugu wa lile begi, jipya, lenye lebo iliyofungwa kwa waya. "Hakuna anayeyanunua haya," alisema. "Vijana wanasema ni madogo na hayana sura."

Mzee Tak akatia tofu ya sita. Ikaenea kama iliyopimiwa. Haikuwa na nafasi ya kwenda kushoto wala kulia. Akaruka. Akajigonga kwenye nguzo. Akalikalia kidogo, kwa heshima. Alipofungua, tofu ilikuwa na kona nne, imetulia, imetokwa na jasho kidogo tu. Watazamaji wakapiga makofi, na mmoja akanunua lile la dubu.

"Lebo usiikate," alisema Mama Pyeon akipokea pesa. "Likifeli, nirudishie lebo ikiwa palepale nami nitalipokea. Wewe nimekuonea huruma, umeruka sana kwa umri wako."

Siku hizo mbili mkewe, Mama Hye-sun, alipika tofu asubuhi, mchana na jioni, na hakusema neno, ila kila mara alipopita karibu na kabati aliimba kidogo.

Jumatano ikafika. Madamu Yeom akatia tofu ndani ya begi dogo la jivu kwa mkono wake mwenyewe, akakitwaa kizibao cha kijani na kukiweka mezani mbele yake. "Bwana Gu ndiye shahidi," alisema. "Bila shahidi hakuna mtihani. Mnakumbuka yule aliyekwenda kukaa bustanini saa moja na nusu na tofu yake."

Wakapanda treni. Bwana Gu alimgonga mtu na begi lake, akaomba radhi, akapata kiti kwenye viti vya wazee, akalipakata friji lake. Treni ilikuwa haijafika stesheni ya tatu alipofumba macho na kufungua mdomo.

"Gu! Mdogo wangu! Shuhudia!"

Bwana Gu akakoroma.

Mzee Tak alikuwa amelivaa begi kifuani, mikono miwili mbele kama mlinda lango. Alizuiwa na kanuni kukaa, na mpaka hapo mambo hayakuwa mabaya. Mambo yalianza Sindorim. Milango ilipofunguka pale, watu hawakuingia, walimiminwa. Mzee Tak alisukumwa hadi kwenye mlango wa pili, na nyuma ya watu wote akaingia bibi mfupi mwenye kofia ya jua, aliyekuwa na miaka themanini na zaidi, akisukuma toroli lililojaa figili nene. Toroli likampiga Mzee Tak tumboni, yaani begini.

"Sogea, kijana," alisema bibi.

Mzee Tak aligeuka kumtafuta huyo kijana. Toroli likampiga tena.

Sadang, jamaa mmoja mnene aliyekuwa akilala wima alipoteza mizani treni iliposimama, akamwangukia Mzee Tak kwa uzito wake wote, begi likiwa katikati. Alikaa hapo muda. Alikuwa wa moto na alinukia sabuni. Mzee Tak alisikia kitu ndani ya begi kikisema *plop*, na moyo wake nao ukasema hivyo hivyo.

Gangnam watu wakashuka kwa wingi na pumzi ikarudi. Hapo ndipo Mzee Tak alipofanya kosa. Angengoja, kulikuwa na nusu ya mzunguko tu imebaki. Lakini alikuwa na wasiwasi wa mtu aliyeona shati la zambarau. Akafungua zipu, akaingiza mikono, akaitoa tofu katika mfuko wake, akaiinua kwenye mwanga aitazame kona zake. Moja, mbili, tatu, nne. Nzima! Machozi yakamlengalenga.

Behewa zima likamgeukia.

"Maskini," alisema bibi wa figili, kwa sauti tofauti kabisa na ile ya kwanza. "Umetoka jela leo, kijana?"

Kila mtu mle ndani alikuwa ameshafikiri hivyo hivyo. Mtu akitoka jela, ndugu zake humngoja langoni na tofu mbichi, aile amesimama, awe mweupe kama ilivyo na asirudi tena kule. Na huyu alikuwa amesimama peke yake kwenye treni ya asubuhi, ameishika tofu yake kwa mikono miwili, analia.

"Jela? Hapana, mama! Hii ni tofu ya kazi."

"Tofu ya kazi," bibi aliwaambia waliokaa. "Mnamsikia? Hata kudanganya amesahau. Alikaa miaka mingi huyu." Akamgeukia. "Hakuna hata mmoja aliyekuja kukupokea?"

"Sikuja peke yangu. Nimekuja na yule pale."

Wote wakamtazama Bwana Gu, mdomo wazi, amelikumbatia begi lake lenye jiko, kamba na mkeka.

"Yule naye katoka leo," alisema mwanamke mmoja aliyekuwa akipaka rangi ya midomo. "Ameondoka na vyombo vyake vyote."

"Mwacheni alale. Kule hawalali."

Mzee Tak akaanza kuirudisha tofu begini haraka, na katika haraka hiyo lebo ikaning'inia nje, ikizungukazunguka kwenye waya wake. Bibi akaishika.

"Na hili begi?"

"Nitalirudisha!" alisema Mzee Tak kwa kihoro. "Nilikubaliana na mama wa sokoni. Mambo yakienda vibaya nalirudisha na lebo yake."

Alipoyasikia maneno yake mwenyewe, alitamani ayameze. Mwanamke wa rangi ya midomo aliisogeza pochi yake upande wa pili.

"Katoka asubuhi hii na tayari ana begi la watu," alisema mtu.

"Lakini amesema atalirudisha," alisema bibi kwa ukali. "Ninyi mmerudisha nini maishani mwenu? Kijana, kula tofu yako."

"Siwezi, mama."

"Kula. Uma mmoja tu. Nani ana uma?"

Mtu akapitisha kijiko. Jamaa mnene wa Sadang, ambaye sasa alikuwa macho, akapitisha kipakiti cha mchuzi wa soya kutoka kwenye chakula chake, akasema, "Pole, kaka mkubwa, kwa kukulalia. Sikujua hali yako."

Mzee Tak aliisogeza tofu kifuani kwa mikono yote miwili na kijiko kikimfuata puani. Aligeuza uso kushoto, kijiko kikaenda kushoto. "Mama, nakuomba! Nikiila hata kidogo, nakosa kazi! Kuna bosi ananingoja Euljiro. Anataka kuiona nzima, na kona zake nne, ndipo anipe kizibao!"

Kijiko kikasimama.

"Kuna mtu anataka kukupa kazi?" aliuliza bibi. "Wewe? Leo hii?"

"Kama itafika nzima."

Bibi alifikiri kwa stesheni moja nzima. Kisha akaliegemeza toroli mbele ya Mzee Tak kama boma, akatandaza mikono, akaligeukia behewa. "Mmesikia. Asimguse mtu."

Kuanzia hapo mpaka Euljiro hakuna aliyemkaribia Mzee Tak. Jamsil waliingia watoto wa shule, bibi akawarudisha kwa figili. Mzee Tak alisafiri kama mfalme, kwa aibu kubwa.

Euljiro alimwamsha Bwana Gu, akamshukuru bibi mara nne, akainama, akakimbilia ngazi. Nyuma yake alisikia magurudumu. Hakugeuka.

Madamu Yeom aliimimina tofu kwenye sahani. Matarishi wengine waliacha chai zao wakazunguka meza. Tofu ilitikisika, ikatulia. Madamu Yeom akainama akiwa na rula, akapima upande, akapima upande wa pili, akaigusa kila kona kwa ncha ya kidole.

"Nne," alisema, na alikuwa akitabasamu. "Bwana Gu, ulishuhudia?"

Bwana Gu alikuwa na makosa mengi lakini hakuwa mwongo. Akatazama viatu vyake. "Nilishuhudia, bosi."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka City Hall."

"Hizo ni stesheni mbili."

"Nilizishuhudia vizuri sana hizo mbili."

Tabasamu la Madamu Yeom likaondoka. Aliweka rula chini, akauweka mkono wake juu ya kizibao, na Mzee Tak aliona kwamba hakupenda kufanya hivyo. "Mzee Tak," alisema polepole, "kanuni niliiweka mwenyewe. Juzi tu nimemwondoa mwenzenu aliyekosa shahidi. Nikikupitisha wewe nitamwambia nini? Na siku niliyokupa ni leo."

Mzee Tak alifungua mdomo kusema alivyogongwa na kulaliwa, akaona kwamba hakuna mtu wa kumwamini, akaufunga. Alianza kuikunjua mikono ya shati lake, hakujua kwa nini. Chumba kizima kilitazama pengine.

Kutoka ngazini kukasikika *dunda*, kimya, *dunda*, kimya, ngazi moja baada ya nyingine. Mlango ukafunguka kwa kusukumwa na toroli la figili.

"Nani mwenye kazi hapa?" aliuliza bibi, anahema.

"Ni mimi, mama," alisema Madamu Yeom.

"Sikiliza, mwanangu. Huyu kijana ametoka jela leo. Kosa lake silijui na sitaki kulijua. Nimekuja kumsemea, kwa sababu hana mtu, na yule mwenzake wa kifungoni amelala njia nzima."

Matarishi wote wakamtazama Mzee Tak kwa heshima mpya. Madamu Yeom akamtazama kwa macho mengine. "Umetoka jela, Mzee Tak?"

"Hapana, bosi! Jana nilikuwa nyumbani, nakula tofu!"

"Bado anakana," alisema bibi kwa upole. "Mpeni muda. Lakini ni mtu wa kuaminika, nakuapia. Hiyo tofu ameilinda kuliko watu wanavyolinda wajukuu. Mimi mwenyewe nilimpiga na toroli Sindorim, mara mbili, hapa." Akajigonga tumboni. "Sadang jitu la kilo mia likamlalia, begi likiwa chini yake, likabaki hapo mpaka milango ikafungwa. Nikamwambia kula, akakataa. Behewa zima likamwambia kula, akakataa. Nilimtia kijiko mpaka puani. Akaniambia, mama, kuna bosi ananingoja."

Madamu Yeom alikuwa ameshachukua kalamu. "Hebu rudia. Toroli lilikuwa na uzito gani?"

"Figili kumi na nne. Nne nimewatupia watoto wa Jamsil."

"Na yule mnene alimlalia mbele au ubavuni?"

"Mbele! Hata nikasema, basi, kijibegi hicho kimekwisha. Kumbe wapi. Ninalo la kwangu nyumbani linachanika nikilitia leso."

"Ulipanda Sindorim ukashuka hapa Euljiro?"

"Nilitakiwa nishuke Gangnam. Dada yangu ananingoja na chumvi ya figili."

Madamu Yeom aliandika yote hayo, na zile stesheni za kati ya City Hall na Sindorim akazifumbia macho. Halafu akamsogezea bibi karatasi, naye akaweka jina lake chini, Do Mal-rye, kwa herufi kubwa za mtu asiyeandika mara kwa mara. Madamu Yeom akachukua mkasi, akalivuta begi la jivu, akaikata lebo. Kisha akakiinua kizibao na kumvisha Mzee Tak mwenyewe, na alipokuwa akimfungia zipu alinong'ona, "Ungekuwa umetoka jela kweli ningekuchukua vilevile. Simama wima."

Mzee Tak alisimama wima. Bibi Do alikuwa ameshapata kijiko.

"Sasa bosi ameona kona zake," alisema. "Kula."

"Mama, nilikwambia mimi si..."

"Kula, usirudi kule tena."

Mzee Tak alimtazama Madamu Yeom. Madamu Yeom alikuwa amegeukia dirishani na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Akamtazama Bwana Gu, naye Bwana Gu, ambaye aliiona hatari, alikuwa ameshapanga foleni nyuma yake akiwa ameachama. Mzee Tak akafumba macho akala. Hapakuwa na chumvi wala mchuzi. Alikuwa amekula tofu siku mbili asubuhi, mchana na jioni, na hii ndiyo ilikuwa tamu.

"Hutarudia?" aliuliza bibi, akimfuta kidevu kwa kidole gumba.

"Sitarudia, mama."

"Vizuri. Na wewe mwenye mkeka, njoo."

Simu ikalia. Madamu Yeom akasikiliza, akaandika, akamkabidhi Mzee Tak kisanduku cha miwani cha mtu wa Wangsimni, ambaye bila hiyo miwani alikuwa amekaa sebuleni tangu asubuhi akiogopa kusimama. Kisanduku kikaingia begini kikakaa kimya. Mzee Tak akalivaa begi, akavuta mikanda, akaelekea mlangoni akiwa mwepesi.

"Ngoja," alisema bibi Do, akiligeuza toroli. "Leo ni siku yako ya kwanza. Nitakusindikiza nione unakifikisha."

"Mama, na dada yako? Na ile chumvi?"

"Chumvi haiozi. Tangulia, mimi nakuangalia mikono."

Mzee Tak aliinama, akalishika toroli kwa mbele, na wakaanza kulishusha ngazi moja moja, yeye akirudi kinyumenyume na bibi akimwelekeza.